Twaiba alivyoifufua mashine iliyomjeruhi mumewe

Jua halijapanda juu ya minazi ya Kingwede, na Twaiba Tsofa amekwisha kupiga goti kwenye mchanga, mbele ya mashine nyekundu iliyopauka. Anachomoa kijiti cha oili, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga.

"Iko sawa," anasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Anaitikisa mashine kidogo kusikia petroli inavyocheza tangini. Anapitisha vidole kwenye nati, moja baada ya nyingine, kwa sababu injini hii hutetemeka hadi ikazilegeza nati zake yenyewe. Kisha anavuta choki, anatanguliza mguu mmoja na kuvuta kamba. Mara ya kwanza injini inakohoa. Mara ya pili inanguruma, na kunguru waliokuwa kwenye mkorosho wanaruka wote kwa pamoja.

Pembeni wamesimama wanawake wa kikundi cha bustani, reki mikononi. Robo ekari iliyo mbele yao inatakiwa iwe imelimwa kabla jua halijawa kali. Mawingu yamekwisha kujipanga upande wa baharini. Masika yakianza kabla mbegu za mchicha, bamia na biringani hazijaingia ardhini, hoteli ya Diani iliyokubali kununua mboga zao itatafuta wakulima wengine.

"Yeye akichelewa, sisi sote tumechelewa," anasema Caroline Ndunge, mwenyekiti wa kikundi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Ukambani akiwa mdogo. "Kwa jembe la mkono tungekaa hapa wiki mbili. Na mgongo usingetusamehe."

Watu wa Msambweni huiita mashine hii tila. Ina mikono miwili mirefu kama ya wilbaro, injini ndogo ya petroli, na chini yake visu vya chuma vilivyopinda. Visu hivyo vikizunguka huchimbua udongo na papo hapo huivuta mashine mbele. Nyuma unaning'inia mkia wa chuma. Ukiushusha, visu huzama. Ukiupandisha, mashine hukimbia juu juu.

Twaiba, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anaupandisha mkia. Ardhi ya hapa ni mchanga uliochanganyika na mawe ya matumbawe, na mkupuo wa kwanza, anasema, ni wa kuijulia hali tu. Wa pili ndio wa kulima.

"Wengi huikandamiza wakidhani watamaliza haraka. Ukiikandamiza inarukaruka, inakuchosha, halafu inazima. Iache ivute. Kazi yako ni kuiongoza," anaeleza, huku lesso yake ameikaza kiunoni na mikono ameilegeza.

Anapofika katikati, visu vinakwama kwenye mzizi. Anaachia mkono wa klachi, visu vinasimama. Anazima injini. Kabla hajainama, anachomoa waya wa plagi na kuuweka mbali. Hapo tu ndipo anapoingiza kisu cha jikoni na kuukata mzizi.

"Mkono hauingii humu kabla waya huu haujatoka," anawaambia wanawake wawili waliosogea kutazama. "Hata kama injini imezima. Hata kama una haraka."

Wanaitikia kwa vichwa. Hakuna anayemuuliza sababu, maana wote wanaijua. Mashine hii ndiyo iliyomkata mguu mumewe.

Charo Menza alikuwa mtunza bustani katika jumba moja la kifahari huko Diani. Mwenye jumba alipouza kila kitu na kurudi kwao, alimpa Charo ile tila kama sehemu ya malipo yake ya kuagia kazi. Charo aliipakia kwenye tuktuk hadi nyumbani Milalani, akiwa na furaha ambayo Twaiba anasema hakuwahi kuiona kwake, hata siku ya arusi yao.

"Aliishusha kama mtu anayemshusha mgeni. Akaniambia, Mama Hasina, sasa hatuamkii kengele ya mtu," anakumbuka.

Kwa misimu miwili Charo alilimia watu bustani kutoka Milalani hadi Vingujini. Alikuwa hodari, na alikuwa na sikio la injini. Lakini mashine ilitoka Diani na kasoro moja. Mkono wa klachi, ule ambao mtu akiuachia visu husimama, ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli. Springi yake ilivunjika zamani, na mtu fulani aliyeitumia kabla ya Charo aliufunga ili visu visisimame ovyo. Mashine ilifanya kazi hivyo, na hakuna aliyeushuku mpira ule.

Siku ya ajali Charo alikuwa anamaliza shamba la jirani. Alifika kwenye ua wa miti, akakosa nafasi ya kugeuza, akairudisha mashine nyuma. Kisigino chake kilijikwaa kwenye kisiki. Alianguka chali akiwa bado ameishikilia, akaivuta mashine juu ya miguu yake. Aliachia mikono, lakini visu havikusimama.

Majirani walimkimbiza hospitali ya Msambweni. Madaktari waliokoa maisha yake na goti lake. Mguu wa kushoto, kuanzia chini kidogo ya goti, haukuokoka.

Twaiba hupenda kulipita jambo hili haraka anaposimulia. Analolieleza kwa kirefu ni kimya kilichofuata.

"Mume wangu alikuwa mtu wa maneno. Akirudi kazini utamsikia kabla hujamwona. Baada ya hospitali akawa anakaa ndani, uso umeelekea ukutani. Ukimwambia chakula tayari, anasema haya. Ukimwambia usiku umeingia, anasema haya. Hasina, binti yetu, alikuwa anakaa mlangoni anamsomea vitabu vya shule kwa sauti, ili nyumba isiwe kimya tu."

Mashine ilirudishwa na jirani na kusukumwa bandani, nyuma ya magunia ya vifuu. Mama mzazi wa Charo, Bi Kanze, anayeishi nao, alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

"Nilimwambia mkamwana wangu, kitu kilichomla mwanangu hakiwezi kulala kwenye ua ninaoamkia mimi," anasema Bi Kanze bila kuficha. "Na nilikuwa na maana hiyo hasa."

Twaiba hakubishana naye. Alianza kwenda Diani kufua na kupiga pasi katika nyumba za wageni. Msimu wa watalii ulipokatika, nyumba zilifungwa, na yeye akarudi kukaa nyumbani. Alijaribu kuuza viazi vya karai kando ya barabara. Viliwashibisha, lakini havikutosha kumnunulia mgonjwa dawa wala kumbakisha mtoto shuleni.

Ndipo Caroline alipopita nyumbani kwao. Alibisha hodi, akamwamkia Bi Kanze shikamoo, akaketi, akanywa chai. Alipokuwa anaondoka, akamvuta Twaiba hadi njiani.

"Ile tila ya Baba Hasina bado ipo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ipo. Kwani una mnunuzi?"

"Sina mnunuzi. Nina shamba. Tumepata kipande cha kulima mboga, na mwenye trekta anasema ni kidogo, hawezi kuja kwa ajili yetu."

"Nani ataiendesha?"

Caroline alimtazama yeye.

Usiku ule Twaiba alimwambia mumewe. Hakumwomba ruhusa moja kwa moja, anasema, kwa sababu aliogopa kukataliwa, na aliogopa zaidi kukubaliwa kwa sauti ile isiyojali. Alimwambia tu kwamba angeipeleka mashine kwa fundi, ijulikane kama ni nzima.

"Fanya utakavyo," alijibu Charo, uso ukutani.

Fundi alikuwa Gerishom, kijana mwenye asili ya Vihiga anayetengeneza pikipiki na pampu za maji nyuma ya soko la Ukunda. Twaiba alifika kwake na tuktuk, mikono ya tila imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mnazi. Gerishom aliifungua, akaizunguka, kisha akachuchumaa, akiutazama ule mpira wa baiskeli.

"Madam, nani alifunga hii kitu hivi?"

"Ilikuja hivyo," Twaiba alijibu, akamweleza ajali ilivyotokea.

Gerishom alichukua wembe, akaukata mpira na kuutupa kwenye debe la takataka. "Hii ndio ilimmaliza mzee wako, si mashine," alisema. "Hii lever ni roho yako. Ukiachilia, visu lazima zisimame hapo hapo. Siku visu zitakataa kusimama, usilime. Hata kama ni chief mwenyewe anangoja shamba."

Twaiba anasema aliketi kwenye tairi kuukuu na kulia, mbele ya wateja wa pikipiki. Muda wote ule nyumbani mwao walikuwa wakiongea kana kwamba chuma kile kina nia mbaya. Kumbe kilikuwa kinakosa springi.

Gerishom alisubiri anyamaze. Kisha akafungua tangi na kumwambia anuse. Petroli ilikuwa imekaa hadi ikanuka kama rangi ya mbao.

"Hii imeoza. Imeziba kabureta yote. Sasa, sikiza madam. Ukitaka nikutengenezee, nitakutengenezea, utarudi tena mwezi ujao. Ukitaka kujua, shika spana."

Twaiba alishika spana.

Alirudi Ukunda siku baada ya siku, akijifunza kila mara kitu kimoja. Alijifunza kuifungua kabureta na kupuliza matundu yake madogo. Alijifunza kusugua plagi kwa brashi ya waya na kupima mwanya wake kwa kipande cha msumeno wa chuma. Alijifunza kuosha sponji ya kichujio cha hewa kwa sabuni, kuikausha kivulini na kuipaka oili kidogo, kwa sababu vumbi la Kwale halina huruma kwa injini. Alijifunza kwamba petroli ya chupa inayouzwa vibandani inaweza kuwa na maji, na kwamba mashine ikilala muda mrefu, tangi humwagwa kwanza.

"Mwanzoni wanaume pale walikuwa wanacheka," anasema. "Halafu wakawa wananiambia, mama, nipitishie hiyo spana namba kumi na tatu. Nikajua nimekuwa mmoja wao."

Gerishom aliweka springi mpya na waya mpya wa klachi. Twaiba akalima shamba la kikundi. Mistari yake ya kwanza, Caroline anakumbuka akicheka, ilipinda kama njia ya ng'ombe. Mboga ziliota bila kujali.

Lakini mashine haikurudi Milalani. Bi Kanze hakuitaka uani, na Twaiba hakutaka mumewe aisikie sauti yake. Ililala kwa Caroline. Kwa karibu mwaka mzima Twaiba alikuwa akinawa mikono kwa majivu na limau kabla ya kuingia nyumbani, ili asinuke petroli.

Vuli iliyopita ndiyo iliyobadilisha mambo.

Vikundi vitatu vilikuwa vimemwita, na mvua ilikuwa imekaribia kabisa. Mashine ikaanza kumchezea. Ilikuwa inawaka vizuri, inalima mstari mmoja au miwili, kisha inazima. Akisubiri kidogo inawaka tena, na baada ya muda inazima tena. Alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta. Aliosha kichujio. Alimwaga petroli na kuweka mpya. Ilizima vilevile. Alimpigia simu Gerishom, naye alikuwa Vihiga kwa mazishi ya shangazi yake, na mtandao ulikuwa unakatika kila akianza kueleza.

Kisha manyunyu yakaanza. Shamba alilokuwa akilima lilikuwa karibu na kwao kuliko kwa Caroline. Twaiba alifikiri kwa muda, akaikunja mikono mashine, akaisukuma hadi nyumbani na kuiweka chini ya upenu.

"Shikamoo mavyaa," alimsalimia Bi Kanze, aliyekuwa jikoni.

"Marahaba." Bi Kanze aliiona mashine. Akakigeuza kichwa, akaendelea kuchambua mchele. "Isilale hapa."

"Haitalala, mavyaa. Mvua ikikatika nitaiondoa."

Twaiba aliifungua kabureta kwa mara ya tatu siku ile. Aliifunga, akawasha. Injini ikanguruma uani kwa mara ya kwanza tangu ajali. Injini ikaendelea, ikaendelea, kisha sauti ikapanda kidogo, ikatetemeka, ikafa. Akawasha tena. Ikafa tena.

"Nilikaa chini kwenye tope," anasema. "Nilijiambia basi. Mungu amenionyesha njia, na njia yenyewe imeishia hapa."

Ndipo aliposikia sauti kutoka ndani.

"Mama Hasina. Washa tena."

Hakuamini. Aliinuka, akavuta kamba. Injini ikawaka, ikaenda, ikazima.

"Kabla haijazima," Charo aliuliza kutoka gizani, "sauti inapanda?"

"Inapanda kidogo."

"Halafu inafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta."

"Ndiyo, Baba Hasina. Vivyo hivyo."

Charo akasema: "Fungua kifuniko cha tangi. Usikikaze. Kiegeshe tu juu yake. Washa."

Aliegesha kifuniko, akawasha. Injini ilinguruma na kuendelea kunguruma. Twaiba alisimama akiitazama, akiisubiri izime. Mvua ilizidi, kuku wakakimbilia bandani, na injini haikuzima.

Alipogeuka, Charo alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye magongo, anakunja uso kwa sababu ya mwanga.

"Zima," alisema. "Nipe hicho kifuniko."

Alikigeuza mkononi, akakiinua hadi jichoni. Kitundu chembamba kilichokuwa katikati kilikuwa kimezibwa na vumbi na mafuta. Akaomba mwiba wa mlimau. Hasina ndiye aliyekwenda kuukata mvuani.

"Tangi nalo linapumua," Charo aliwaambia, akikizibua kitundu taratibu. "Petroli ikishuka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, injini inanyonya hadi inashindwa. Ukisubiri kidogo hewa inapenya, inawaka tena. Ndiyo sababu inakudanganya."

Twaiba anasema lile ndilo lililokuwa neno refu kuliko yote mumewe aliyoyasema tangu hospitali. Hakujua acheke au alie, kwa hiyo alimshikia gongo moja.

Bi Kanze alitoka jikoni. Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, akamtazama mkamwana wake mwenye mafuta hadi kwenye viwiko. Wote walisubiri aseme neno kuhusu mashine.

"Hasina," alimwita mjukuu wake. "Mletee babako kiti. Atasimama hivyo hadi lini?"

Mashine ililala pale usiku ule, na haijahama tena.

Leo mbele ya nyumba ya Charo na Twaiba kuna meza ya mbao iliyotandikwa mfuko wa simenti. Juu yake ziko pampu mbili za maji, msumeno wa injini na tila ya mtu kutoka kijiji cha Shirazi. Watu walianza kuja mmoja mmoja, waliposikia kwamba mume wa yule mwanamke wa tila anajua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu. Yeye mwenyewe anayapinga maneno hayo.

"Nasikiliza kwanza, ndiyo. Lakini nafungua vilevile," anasema Charo, mwanamume mwembamba mwenye sauti nene, na sasa maneno yake hayana haraka ya kwisha. "Injini inayozima ghafla, nashuku umeme, naangalia plagi na waya wake. Inayozima kwa kufifia, nashuku mafuta. Inayotoa moshi mweusi inakosa hewa. Ni kama kumuuliza mgonjwa kabla ya kumshika."

Tila ikiletwa, jambo la kwanza analolifanya ni kuutazama mkono wa klachi. Akiukuta umefungwa kwa kamba, waya au mpira, haanzi kazi nyingine yoyote hadi mwenye mashine akubali uwekewe springi. Kuna mmoja aliyekasirika akaichukua mashine yake. Baada ya siku chache aliirudisha.

"Nilimkunjia suruali nikamwonyesha," anasema Charo. "Sikuwa na haja ya kuongeza neno."

Twaiba hutoza shilingi elfu moja mia tano kwa robo ekari, na petroli ni juu ya mwenye shamba. Si mapato ya kutajirisha, anasema, na miezi ya kiangazi huwa mikavu kweli. Lakini msimu ukifika hapati nafasi ya kukaa, na kazi za mezani za Charo huziba pengo pale ardhi inapokuwa ngumu mno kulimika. Hasina yuko kidato cha tatu na hajarudishwa nyumbani kwa kukosa karo mwaka huu.

Huko Kingwede, jua sasa limekolea. Robo ekari yote imegeuka, rangi ya udongo imekuwa ya kahawia nzito, na wanawake wanapita na reki wakiokota mawe na mizizi. Twaiba anakwangua udongo kwenye visu kwa kijiti, kwa sababu hewa ya chumvi ikikutana na udongo mbichi huanza kula chuma siku hiyo hiyo. Halafu anamwita Caroline na kumkabidhi mikono ya mashine kwa ajili ya kipembe kilichobaki.

Caroline anasitasita. "Nikiharibu?"

"Utaachia mkono, visu vitasimama. Jaribu kuachia kwanza, kabla hujalima. Umeona? Haya, twende."

Caroline na mwenzake mmoja ndio wanaofundishwa. Twaiba anataka, kikundi kikipata mashine ya pili, pawe na wanawake wa kuiendesha ambao tayari wameizoea, wasianze kwa kuogopa wala kwa kukisia. Naye Charo ameshazungumza na mwenye kiwanja kilicho karibu na barabara kuu, ili meza yake ihamie mahali ambapo wenye pampu hawatalazimika kuuliza njia.

Kuna mpango mwingine, ambao Twaiba amekuwa akiutaja kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuustua. Charo amepimwa mguu wa bandia, na ameambiwa utakuwa tayari kabla ya vuli. Watu wamemuuliza atautembelea wapi kwanza, wengine wakimtajia msikitini, wengine arusi ya binamu yake huko Kinango.

"Nataka kumlimia mamangu matuta mawili ya kunde, hapo nyuma ya nyumba," anasema Charo. "Mbele tu. Kurudi nyuma nitamwachia Mama Hasina."

Twaiba, aliyerudi kutoka shambani na anapangusa mikono kwa kitambaa, anamsikia. Siku hizi hanawi tena kwa majivu na limau kabla ya kuingia ndani.

"Hakuna wa kurudi nyuma," anamjibu. "Tukifika mwisho wa tuta tutaizima, tuiinue wewe huku mimi huku, tuigeuze."